Gitaa Lililokoroma Mbele ya Mnunuzi

Jumatano, 4 Juni
Mjomba amemaliza gitaa. Miezi minne! Mwalimu wa kwaya atakuja Jumamosi kulijaribu, na akilipenda atalichukua. Mimi ndiye niliyelipiga msasa mpaka vidole vikawa laini kama sabuni. Hilo halikutajwa. Mjomba amesema lisipopata mnunuzi litabaki hapa, nijifunzie. Nimeyatafakari sana maneno hayo.

Alhamisi, 5 Juni
Nyuzi bado hazijafungwa. Nimepenyeza mkono kwenye tundu la sauti na kubandika kifungo cha shati kwa chingamu. Nusu kimeshika, nusu kinaning'inia, ili gitaa likipigwa likorome. Si uharibifu. Ni kasoro ya muda.

Ijumaa, 6 Juni
Nyuzi zimefungwa. Ajabu, halikoromi! Sauti tamu, ya kuudhi kabisa. Nimebonyeza kila uzi kwenye vyuma vinavyokatiza shingo, kimoja baada ya kingine. Hakuna mkoromo. Ni uzi mnene tu, kwenye chuma cha tatu: zzzz. Mjomba alikuwa anapiga chafya, hakusikia. Mungu yupo.

Jumamosi, 7 Juni
Mwalimu alifika na kucha zake ndefu za mkono wa kulia. Aligonga ubao, akanusa tundu, akasifu. Nyuzi ziko chini, vidole havichoki, sauti inafika ukutani na kurudi. Nikamshauri, kwa adabu zote, ajaribu uzi mnene, chuma cha tatu. Zzzz! Akauliza kama tunafuga nyuki humo.

Mjomba akapauka. Akasema gitaa linalokoroma haliuzwi na wala halikai nyumbani kwake. Niende nikalete msumeno, alipasue.

Msumeno! Hilo halikuwa kwenye mpango. Nilikwenda stoo polepole mno. Mjomba akafoka niache mwendo wa bibi harusi. Niliporudi nikaomba nilisikilize kwanza. Nikaweka sikio ubaoni, nikafumba macho, nikatangaza: kifungo. Cheupe. Matundu manne. Chini ya daraja linaloshika nyuzi, kushoto.

Mjomba akalegeza nyuzi, akapenyeza vidole, akakitoa. Mwalimu akasema katika miaka thelathini ya muziki hajakutana na sikio kama hili, linasikia mpaka rangi. Akalinunua papo hapo. Mama hakusifu. Alikuwa analitazama shati langu.

Jumapili, 8 Juni
Nimefua mashati ya nyumba nzima. Mama amesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali nzuri. Nimeinakili kwa mwandiko safi, kuna watu darasani itawafaa.

Jioni Mwalimu ameleta salamu: ananiomba nipite kwake kila Jumamosi nilisikilize gitaa, nimwambie hali yake. Nimekubali kwa unyenyekevu. Ripoti ya kwanza iko tayari. Gitaa lina kikohozi. Kikohozi cha mbao hakisikiki kwa masikio ya kawaida, na hakitaki dawa, kinataka hewa ya nyumbani lilikozaliwa. Wiki tatu kwa kuanzia.