Siku Joe Louis Alipopigana na Jack Johnson kwa Kinyozi

Cornell Whitlow aliingia kwa kinyozi kunyolewa, akatoka na wazo. Kunyolewa kulimgharimu dola mbili. Wazo alipewa bure, na yeye akaona ndilo lenye faida zaidi, kwa sababu wakati huo alikuwa bado hajaliona likifanya kazi.

Aliyempa wazo hilo bila kujua ni Ambrose Tuggle, mwenye duka, kinyozi wa miaka mingi katika Barabara ya Columbia, Philadelphia ya kaskazini. Siku hiyo ya mwaka 1971 alimwacha Cornell kitini nusu kichwa kimenyolewa na nusu bado, akaenda katikati ya duka apate nafasi ya kurusha mikono.

"Nakwambia Joe Louis angempasua Jack Johnson kabla muuza karanga hajapita mara ya pili!"

"Angempasuaje mtu asiyemwona?" tarishi wa posta akamjibu kutoka mlangoni, begi la barua begani. "Johnson alikuwa hapigiki, bwana we! Louis wako angepiga upepo mpaka ashikwe na mafua."

"Peleka barua za watu!"

Duka zima likacheka. Ukimwondoa tarishi, kila aliyekuwemo alihesabiwa wa Louis, bingwa wa ngumi wa enzi zao; Johnson alikuwa bingwa wa enzi ya baba zao. Hawa walikuwa wazee waliokaa na redio siku za vita, na kila Louis alipomwangusha mtu ulingoni, walikumbatiana na majirani wasiosalimiana nao. Mtu mmoja tu hakucheka, Mzee Purnell, ambaye alikuwa amelala kwenye kiti cha mwisho, kofia usoni. Alikuwa na miaka themanini na minne na alilipa kodi ya kiti hicho kwa kukilalia kila siku.

Cornell akauliza kwa upole, "Mabishano haya yana muda gani?"

"Miaka ishirini na miwili," Ambrose akasema, akirudi na wembe. "Na hayataisha. Johnson alikufa mwaka arobaini na sita. Atapiganaje na mtu?"

Cornell akatulia tuli. Watu waliotulia namna hiyo kwa kinyozi huwa wanaogopa wembe. Yeye alikuwa anapiga hesabu. Kumbe mjini hapa kuna watu wazima, wenye akiba, ambao kwa miaka ishirini na miwili wana njaa ya jibu moja, na hakuna aliyefikiria kuwauzia.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi mchana, alirudi na kinasa sauti kikubwa cha kanda za kuzunguka, barua yenye mhuri wa profesa, na suti ya kijivu iliyofanana na ukweli mtupu.

"Wazee wangu," alisema, akivua kofia, "chuo kimoja kikubwa kimeilisha kompyuta kila konde ambalo Johnson na Louis waliwahi kurusha. Urefu wa mikono, uzito, pumzi, hasira, vyote. Kompyuta imewapiganisha. Mtangazaji akasoma yaliyotoka, raundi kwa raundi. Kanda ndiyo hii. Hata mimi mwenyewe sijaisikia. Lakiri hiyo, tazameni."

Lakiri ilikuwepo kweli, nyekundu, ya nta ya mshumaa wa Krismasi. Kilichokuwa hakipo ni kompyuta. Mtangazaji alikuwa Cornell mwenyewe, leso mdomoni. Makonde yalikuwa mpini wa ufagio ukiuadhibu mto wa kochi, na shangwe alizinasa kwenye mechi ya besiboli. Na kwenye mkoba kulikuwa na kanda mbili zenye lakiri zinazofanana, si moja. Katika moja Louis alishinda kwa KO raundi ya kumi na moja, katika nyingine Johnson alifanya hivyo hivyo. Kazi ya Cornell ilikuwa kusubiri dau liegemee wapi, kisha kutoa kanda ya upande wa pili. Utaratibu huo ulikuwa umekwisha kumlisha vizuri Cleveland na Baltimore.

"Sisi ni wa Louis, wote," Ambrose akasema. "Wewe je?"

"Mimi?" Cornell akashusha pumzi ya mtu anayejitoa mhanga. "Basi ili pawe na mchezo, mimi nitamshika Johnson."

Wazee wakatazamana. Ambrose akaingia chumba cha nyuma, akatoka na bahasha ya chama chao cha akiba, dola elfu mbili na mia moja, iliyofungwa kwa mpira na kunukia mafuta ya nywele. Cornell mate yakamjaa. Mfukoni hakuwa na hata robo yake, kwa kuwa utajiri wake wote ulikuwa umeegeshwa nje: Cadillac ya kijani, viti vya ngozi nyeupe, aliyoipenda kuliko alivyowahi kumpenda mke, na wake alikuwa nao wawili, kwa nyakati tofauti kwa bahati nzuri.

"Hatutaki pesa zako, mwanangu," Ambrose akasema. "Weka gari."

Cornell akaitazama Cadillac kupitia dirishani, akaona ilivyomwamini. Kisha akaugusa mkoba uliokuwa magotini, akakumbuka kwamba mtu mwenye kanda mbili hashindwi. Akatoa funguo.

Mshika dau alikuwa Dada Odessa, mwenye mgahawa wa samaki wa jirani na mhudumu wa kanisa, aliyeitwa kwa sababu alichukia ngumi na wanaozipenda kwa kiwango kimoja. Akatia bahasha na funguo kwenye mfuko wa aproni.

"Nikisikia tusi moja," akasema, "vyote vinaingia kwenye mafuta ya moto."

"Kitu kimoja tu," Ambrose akasema. "Wanapigania wapi, na mwaka gani?"

"Vipi tena?"

"Hapa kwetu mabingwa wa enzi mbili hawakutani hewani, kijana. Lazima mmoja amfuate mwenzake nyumbani, yaani kwenye enzi yake, apigane kwa sheria za huko. Bila hivyo ni porojo. Basi, kwa kuwa sisi ni wengi na wewe uko peke yako, tunakupa wewe nyumbani. Philadelphia, mwaka 1909, sheria za siku hizo. Louis amfuate Johnson."

Cornell nusura amkumbatie. Wanamchinja Louis wao wenyewe! Alikuwa amesikia habari za zama hizo, kwamba huko magharibi watu walipigana raundi arobaini juani mpaka mmoja asimwone mwenzake. Raundi ya kumi na moja hapo ni asubuhi bado. Akauma mdomo asicheke.

"Wazee wangu mna roho nzuri," akasema.

Wakaandika masharti nyuma ya kalenda ya duka la majeneza. Cornell akatia sahihi kwa madaha, na mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho.

Kanda ikaanza kuzunguka. Na hapa ni haki kumsifu Cornell, kwani hakuwa mtu wa kazi mbovu. Alijua kwamba anayetakiwa kuliwa vizuri lazima kwanza ashibishwe, kwa hiyo ndani ya kanda ya Johnson alimfanya Louis atawale mwanzo. Raundi ya pili Johnson chini, anahesabiwa mpaka saba! Wazee wakasimama. Raundi ya nne Johnson chini tena! Ambrose akamnyanyua mteja mwenye povu nusu uso, akambusu upande usio na povu. Raundi ya tano Johnson anashika kamba, ya sita anatoka damu. Cornell akakaa akiwahurumia kwa dhati, kwa sababu alijua kinachokuja, na alikuwa amejitahidi sana kwenye ile sehemu ya mpini wa ufagio.

Kengele ya kumaliza raundi ya sita ikalia. Ambrose akachomoa waya ukutani.

"Pambano limekwisha," akasema.

"Limekwisha nini? Rudisha waya, mzee! Bado kabisa!"

"Raundi sita. Philadelphia ya mwaka 1909 ilikuwa raundi sita, basi. Sheria hairuhusu ya saba. Siyo kama huko magharibi, walikokuwa wanapigana mpaka kuku walale. Umetia sahihi."

Cornell akajikaza, akatabasamu. "Sawa. Hajahesabiwa mtu mpaka kumi. Basi hakuna mshindi. Kila mtu achukue chake."

"Enhee, hapo umesema kweli," Ambrose akasema. "Refa alikatazwa kunyanyua mkono wa mtu. Majaji hawakuwepo. Sasa wewe unadhani watu wa hapa waliacha kuweka dau? Walinunua gazeti asubuhi. Mwandishi akisema nani kashinda, ndiye huyo, na dau linalipwa. Hizo ndizo sheria za siku hizo. Mzee Purnell!"

Kofia ikateleza usoni kwa Mzee Purnell. Chini yake kulikuwa na macho mawili yasiyo na hata chembe ya usingizi.

"Mwandishi wa masumbwi wa gazeti letu, tangu mwaka 1908," Ambrose akamtambulisha. "Johnson alipopigana papa hapa mwaka ule wa 1909, alikaa karibu mpaka shati likarukiwa jasho."

"Shati ninalo bado," Mzee Purnell akasema. Akalamba ncha ya penseli. "Ya kwanza, sare. Ya pili, Louis. Ya tatu, Johnson, kwa mbali. Ya nne, tano na sita, Louis. Kashinda Louis. Mtangazaji aache kuongea na kitambaa mdomoni."

"Haiwezekani!" Cornell akaruka. "Raundi ya kumi na moja Johnson anamlaza! Anamlaza chali!"

Duka zima likamgeukia. Hata mteja mwenye povu aligeuka.

"Umejuaje, mwanangu?" Ambrose akauliza kwa upole uleule Cornell aliokuja nao siku ya kwanza. "Si ulisema hujaisikia?"

Cornell akafungua mdomo. Miaka kumi na tano mdomo ule ulikuwa haujawahi kumwangusha. Safari hii ukajifunga wenyewe.

Dada Odessa akautia mkono kwenye aproni, akatoa bahasha na funguo, akavikabidhi kwa chama. Wazee wakatoka nje wote kuizunguka Cadillac, wakaipapasa, wakabishana nani ataiendesha kwanza, ndipo kikagundulika kitu kidogo. Hakuna aliyeweza kuendesha. Mzee Purnell hakuwahi kujifunza. Dada Odessa alimwachia marehemu mumewe kazi hiyo. Na Ambrose akakiri, mbele ya watu, kwamba ana mtoto wa jicho, jambo ambalo wateja wake walikuwa wamelishuku muda mrefu.

Wote wakageuka kumtazama Cornell, ambaye alikuwa amesimama kando akiaga bampa kwa kiganja, machozi yakimlenga.

"Jumapili, saa tatu na nusu," Dada Odessa akasema. "Tai nyeusi. Na usichelewe."

Angeweza kukataa. Stesheni ilikuwa karibu, na Baltimore ilikuwa bado na wajinga wa kutosha. Lakini aliwaza mtu mwingine akishika usukani ule, akashindwa.

Jumapili, basi, Cornell Whitlow aliendesha Cadillac kwenda kanisani kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai, Ambrose pembeni yake, Dada Odessa na Mzee Purnell nyuma kwenye ngozi nyeupe. Walipofika kwenye taa za barabarani, Mzee Purnell akapiga miayo.

"Unajua, kijana," akasema, "kwa kweli Johnson angemuua Louis. Raundi tatu hazifiki. Mimi nilimwona."

Cornell akageuka mwili mzima. "Nini? Sasa mbona...!"

"Wewe si uliniletea kanda? Nilihukumu ya kwenye kanda. Ungekuja mikono mitupu ukaniuliza tu, ningesema Johnson, na nisingeyumba."

"Wee mzee, Johnson gani?" Ambrose akafoka. "Angepasuliwa mbali!"

"Na nani? Huyo mkokota miguu?"

Taa zikawa za kijani. Nyuma yao magari yakapiga honi, na Cornell alikuwa bado amegeuka, mdomo wazi, akimkodolea macho yule mzee.

"Tazama mbele, dereva," Dada Odessa akasema.