Malalamiko Juu ya Fundi Taratibu na Boksi Lake la Matundu Kumi

Kwa Mjomba, Mwenye Gereji,
Uliyelala nyumbani kwa sababu ya mgongo.

Shikamoo Mjomba. Natumaini mgongo unaendelea kunyooka. Huku gereji hatujambo, ila mimi nimeonewa, na mwonewa akinyamaza huvimba. Usishangae barua kuandikwa kwenye kipande cha boksi chenye matundu. Karatasi za ofisi umezifungia kabatini, na matundu yenyewe ni ushahidi, utayafikia.

Kama ujuavyo, pikapu yako ilichemka mpaka gasketi ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikaungua, na Ijumaa pikapu hiyo hiyo ndiyo ya kumtoa dada yako, yaani mama yangu, hospitali. Plasta ya mguu imempanda mpaka kwenye paja, pikipiki hawezi kupanda. Nimemwahidi mbele ya wodi nzima kwamba hedi nitaifunga kwa mikono yangu hii. Wagonjwa walipiga makofi. Hata yule aliyevunjika mkono alijipiga paja.

Leo Jumatano. Ningekuwa peke yangu, gari lingekuwa barabarani tangu jana. Lakini uliniwekea Fundi Taratibu. Malalamiko ni haya:

1. Anapima kisichopimwa. Kufungua tulifungua vizuri: tukamwaga maji ya rejeta, tukalegeza boliti, hedi ikatoka. Kisha akaikwangua asubuhi nzima, akailaza rula ya chuma juu yake, akaniambia nimulike tochi aone kama mwanga unapenya chini ya rula. Eti huenda imepinda kwa joto. Mjomba, mimi niliishia darasa la saba nikaona elimu imenitosha, lakini hicho ni chuma, si kitambaa cha nguo. Sufuria ya mama inachemka kila siku, nani ameipima kwa rula?

2. Anakaza kwa mafungu. Anataka tuanze na boliti za katikati, tutoke nje kwa zamu, halafu turudie mara tatu, kila mara kidogo. Nikamuuliza kwa adabu zote: "Mzee, tunafunga injini au tunabembeleza mtoto?" Akanijibu haraka haraka haina baraka. Methali hiyo ilitungwa kabla ya injini! Mimi boliti naikaza mara moja mpaka inalia, na ikishalia imenyooka tabia.

3. Boksi. Hapa ndipo uvumilivu ulipoisha. Alikata kipande cha boksi, akatoboa matundu kumi kwa mpangilio wa hedi, kila boliti akaichomeka kwenye tundu lake. Pembeni akaandika kwa penseli: ndefu, fupi, ya kati, fupi, kama mtu anayewasengenya majirani. Boliti kumi, baba mmoja, tumbo moja, yeye anazigawia viti! Leo zimepewa viti, kesho zitadai mito, keshokutwa zitaomba likizo na sisi tubaki tunasukuma magari ya watu. Basi alipokwenda kula, nikazichomoa zote, nikazimimina kwenye beseni la petroli, nikaziosha mpaka zikang'aa kama meno ya bwana harusi. Boksi likakosa kazi, nikalipatia hii ya barua. Bado hajarudi. Akirudi atanishukuru.

4. Yeye wateja humwita Fundi. Mimi huniita "wewe".

Kwa hiyo naomba Fundi Taratibu apumzishwe kwa heshima, tena leo. Spana kubwa nikabidhiwe mimi. Maboksi yapigwe marufuku humu gereji, hata yanayoleta vipuri. Vipuri vije vimebebwa mkononi kama watoto. Na ukutani kiandikwe cheo changu kipya, rangi nitachagua mwenyewe.

Nikomee hapa, nafasi iliyobaki ina tundu. Msalimie mkeo, wasalimie binamu zangu wote, hata yule aliyenicheka siku jeki iliponiponyoka. Anayekuletea barua hii ni muuza vipuri. Mpe maji, usimpe nafasi ya kuongea.

Mpwa wako mtiifu,
Injinia (kimebaki cheti tu)

Nyongeza. Mjomba, hii nimeiandika kwenye pakiti ya plagi, na anayeileta ni kinyozi wa jirani, mbio, kwa baiskeli. Tafadhali usilitupe lile boksi. Mkeo asilitumie kupepea mkaa. Fundi amerudi, amezipanga boliti mezani moja moja, na kweli hazilingani. Anasema ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi itagota chini, itajifanya imekaza na hedi haijabanwa, na gari litachemka tena njiani, mama yangu akiwa ndani. Nilimwambia tubahatishe. Akavuta ndoo, akakaa. "Gari la kubeba mgonjwa halibahatishwi, mwanangu," akasema. "Boksi liko wapi?" Nikamwambia liko kwako. Hakuuliza limekwendaje. Hakunigombeza hata kidogo, Mjomba, na laiti angenitukana. Tumekaa wawili tunatazama barabara.

Mpe kinyozi boksi arudi nalo. Yaliyoandikwa kwa penseli ndiyo yenye maana. Ya kalamu ni yangu. Kama hujayasoma, usiyasome.