Droni Yangu Imo Bandani kwa Wubbo

Zwanerdijk, Alhamisi, 15 Mei. Asubuhi ukungu mwembamba juu ya mfereji, upepo hafifu wa magharibi. Hali nzuri sana ya kurusha, laiti ningekuwa na cha kurusha.

Kwako Mhariri wa gazeti letu la kijiji,

Kwa heshima na kwa mkono uliotulia, naomba nafasi ukurasa wa pili, pale unapoweka habari za paka waliopotea. Mimi nimepotelewa na droni, ila najua ilipo: imo bandani kwa jirani yangu, Bwana Wubbo Elzinga. Naitaka irudi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jana nilikuwa njia ya umma, ukingoni mwa mfereji, nikikagua vigae vya paa langu kwa droni, kwa kuwa nyonga yangu haipatani tena na ngazi. Bwana Wubbo akatoka na ndala. "Jirani, nani kakupa ruhusa?" Nikamjibu kwa upole kwamba nimesajiliwa, namba yangu imebandikwa ubavuni mwa droni, na siipandishi kupita kimo kinachoruhusiwa. Polisi akiniuliza, namwonyesha namba. Jirani akiniuliza, namwonyesha adabu. Nikamweleza pia kwamba bustani ni yake, lakini hewa ya juu yake hakuipanda yeye. Akasema, "Hewa hii naivuta tangu nizaliwe, wewe umehamia juzi." Nilihamia miaka thelathini na moja iliyopita.

2. Alidai nawachungulia. Ndugu Mhariri, mtaa wetu hakuna anayevuta pazia. Jioni taa zinawashwa, na kila sebule iko wazi kama duka. Nikitembeza mbwa wangu najua kwamba kwa Wubbo Jumatatu ni viazi vya kuponda na kabichi, tonge moja la nyama kwa kila mtu, na kwamba yeye hula la pili mkewe akienda jikoni. Nilimjua mchumba wa binti yake majuma mawili kabla Wubbo mwenyewe hajatambulishwa kwake. Haya yote nimeyaona kwa miguu, bila betri. Kutoka angani naona vigae tu, na vyake viwili vimepasuka. Basi kama kuchungulia ni kosa, ipigwe marufuku miguu, kisha mbwa, kisha jioni yenyewe. Anayeona aibu avute pazia. Mimi sina cha kuficha, na dirisha langu halijawahi kuvaa hata kitambaa.

3. Aliidungua kwa ule mti mrefu wa kuoshea madirisha. Kila mtu hapa anajua mti huo ni wa Jumamosi. Jana ilikuwa Jumatano, kwa hiyo hawezi kusema alikuwa anaosha na droni ikajipitisha. Droni kisheria ni chombo cha anga. Aliyedungua chombo cha anga ameshambulia usafiri wa anga, na ndala si utetezi. Nilifikiria kuwapigia simu watu wa uwanja wa ndege, nikajizuia kwa ajili ya mkewe, Hiske, ambaye ni mtu mwema.

4. Aliniita ndani tuyamalize. Nikapewa kahawa na biskuti moja, kopo la biskuti likafungwa, kama kawaida yetu hapa: kila kikombe na biskuti yake. Lakini kikombe cha pili kilipomiminwa, kopo halikufunguliwa. Sina la kuongeza hapa. Msomaji yeyote aliyelelewa vizuri ameshaelewa kwamba mazungumzo yalivunjwa, na si na mimi.

Kwa hiyo naomba: droni irudishwe, mti wa kuoshea madirisha usajiliwe na kubandikwa namba kama droni yangu, na Bwana Wubbo asome sheria kwa sauti sebuleni kwake, pazia likiwa wazi, ili sote tumwone akisoma.

Wasalimie nyumbani, mchapaji, na yule mama wa habari za paka. Mwambie Hiske sina kinyongo naye.

Ni mimi, kwa heshima na bila droni,
Aaltje Boonstra

N.B. Ijumaa asubuhi, mvua. Bahasha ilikuwa imeshafungwa jana jioni Wubbo alipoingia kwa mlango wa nyuma, droni imefungwa kwenye taulo la vyombo. Alikuwa ametazama picha zangu zote akitafuta ushahidi. "Vigae tu, jirani, na bomba la moshi," akasema. "Nisamehe. Hivi viwili vyangu nitavibadilisha." Nikafungua kopo la biskuti, na kwa kikombe cha pili nikalifungua tena. Ndipo alipokuwa anaondoka akageuka: "Na wala usione haya. Kila Alhamisi ukicheza dansi na ufagio, mtaa mzima tunapita taratibu. Hiske anasema tangu msimu wa baridi umepiga hatua sana."

Tafadhali usichapishe kifungu cha pili. Badala yake nauliza, kwa niaba ya rafiki yangu mmoja: je, kuna sheria inayomkataza jirani kupita njia ya umma akiwa ameinua macho? Pazia nimeagiza, zito, litafika Jumanne. Kwa sasa dirisha nimelibandika magazeti yako ya zamani, ambayo nakuhakikishia yanaziba vizuri sana, na kwa kuwa jana ilikuwa Alhamisi, niliweka ufagio chini na kulala saa saba kasorobo usiku.