Mkurugenzi Apokea Isale

Mamlaka ya Usafiri wa Mteremko ina furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la uhaba wa mafuta limekwisha. Limekwisha kwa sababu mafuta yenyewe yamekwisha, na kitu kisichokuwepo hakiwezi kuwa haba. Mimi ndiye msemaji wa Mamlaka, kwa hiyo najua ninachosema.

Tangu barafu ya Kibo iyeyuke yote na vituo vya mafuta vigeuzwe mabanda ya mbuzi, tunatumia Gari la Mteremko: bodi la lori, magurudumu, na gogo la kuyazuia. Injini halina, jambo linalopunguza sana gharama za matengenezo. Asubuhi linateremsha wafanyakazi kutoka Marangu, kupitia Himo, hadi mashamba ya Kahe. Alasiri wafanyakazi haohao wanalisukuma kurudi mlimani. Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Godlove, hubaki amekaa ndani, maana gari la serikali likipanda tupu linapoteza hadhi. Mimi hukaa naye asije akapata upweke.

Tatizo lilikuwa Mama Theopista. Kila Alhamisi, jua likiwa bado juu, ilikuwa zamu yake ya maji ya mfongo, ule mfereji wa ukoo. Ukichelewa, maji yanakwenda kwa jirani, na kwa ukame huu migomba ndiyo kwaheri. Alhamisi moja akaliachia gari njiani, akawahi maji yake. Mkurugenzi akamtia hatiani kwa Upungufu wa Moyo wa Kusukuma: akirudia, kazi ya Kahe hana.

Alhamisi iliyofuata, asubuhi, mama huyo akapiga goti mbele ya watu wote, akamnyooshea Mkurugenzi jani la isale. Mkurugenzi kazaliwa mlimani, lakini kakulia Dar. Akadhani ni pambo la kumkaribisha mgeni rasmi. Akalipokea kwa mikono miwili, akalichomeka mfukoni mwa koti, akapunga mkono.

Sisi wa mlimani tunajua: ukipokea isale, umesamehe, na huwezi kugeuka. Lakini utaratibu hauniruhusu kumshauri Mkurugenzi kabla hajaniuliza.

“Asante, mheshimiwa,” akasema Mama Theopista. “Umenisamehe ya juzi, na za Alhamisi zote.”

Alasiri akaondoka kuwahi zamu. Mkurugenzi, isale likiwa bado kifuani, akamfukuza kazi kwa sauti. Loo! Wasukumaji wakatazamana, kisha wakaachia mikono. Nathibitisha kwamba gari lilionyesha uwezo mkubwa wa kurudi nyuma. Tulisimamia mchangani, Himo.

Wakasema hawasukumi tena mpaka Mkurugenzi amwombe mama yule radhi, na iwe kwa isale. Sasa, huku chini masale yote yamekauka. Tukaambiwa mabichi yamebaki uani kwa mtu mmoja tu. Tukapanda kwa miguu, Mkurugenzi kashika viatu mkononi, mimi nyuma yake nikihema.

“Shikamoo, mama,” Mkurugenzi akasema. “Nimekuja kuomba jani la isale.”

“Marahaba. La kumpa nani?”

“La kukupa wewe.”

Mama Theopista akachomoa jembe kwenye tope la mfongo.

“Lipo, mwanangu. Ila linaota kwa maji, na zamu yangu ndiyo hii inapita. Shika jembe kwanza.”

Mamlaka inaujulisha umma kwamba safari za Marangu zimerejea kama kawaida, isipokuwa Alhamisi. Mkurugenzi anasukuma. Mimi nabeba gogo.