Fraze Yenye Ilivuka Barabara

Siku ya kwanza, 9 Septemba

Habari kubwa! Papa Libérat, tajiri wa muchele, ametosha muchele yake yote mu depo. Depo iko wazi sasa: mabati mupya, biti birefu bya kukalia, tablo ya choki ku ukuta. Anasema ataachilia mwalimu moja wa Angle, Kiingereza, aikalie, bure, mbele mvua ianze. Siku ya posho, ile ya sita, atapita kujionea mwenyewe nani iko na bantu.

Balimu ba Angle mu avenue yetu ya Kasenga tuko babili tu. Minye Vainqueur, nafundishia mu lupango, kiwanja ya nyumba ya shangazi yangu, tante Generose, chini ya bashi, turubai yenye imetobokatoboka. Na Cyprien, ngambo ya barabara, uso kwa uso na siye. Cyprien iko na krawati ku shingo. Iko na diploma ya Bujumbura. Minye Angle nilijifunzia ku telefone yenye kioo ilipasuka. Lakini ile depo ni yangu! Mvua ikinikuta tena chini ya bashi, banafunzi batakimbia bote, na masomo yangu itakufia mu matope.

Leo somo ilikuwa nguvu. Niliandika: The man in the boat who is singing. Mwanaume mu pirogue mwenye anaimba. Nikaeleza kama "who" ni mwenye. Lakini katikati ya mwanaume na mwenye, Angle inaweka preposisyo na muzigo yake: in the boat, mu pirogue. Mwenye anangojea nyuma. Mama Apollinarie, muuzaji wa ndagala, samaki badogo, akauliza: kwa nini mwenye asikae karibu na mwanaume wake, pirogue ndiyo imelala katikati yao? Nikajibu ni heshima tu, anaachilia mizigo ipite kwanza. Bote bakacheka. Na pale pale kichwa yangu ikawaka. Fraze, sentensi, ya bantu! Kila muntu neno moja, limeandikwa ku karto ku kifua!

Siku ya pili, 10 Septemba

Ajabu! Fundi wa viatu ni man, mbele, pirogue katikati, Dorine nyuma na karto ya WHO. Dorine ni mushonaji wa nguo, sauti yake kama filimbi. Nikiuliza nani anaimba, ananyoosha mukono juu ya pirogue yote, anagusa mwanaume ku bega. Hata bapita njia balielewa! Motari moja, mwenye kubeba bantu na pikipiki, akazima moto yake, akasema na yeye anataka kuwa neno. Nikamupa goat, mbuzi. With a goat. Dorine akarudi nyuma kidogo, mbuzi apate nafasi.

Cyprien alikuwa anachungulia kutoka lupango yake, choki mu mukono. Masikini wa Mungu.

Siku ya tatu, 11 Septemba

Bantu banakuya kama siku ya mechi ya bolo! Kila moja anataka neno, na kitu rahisi ya kuongeza ni preposisyo. From Kalundu. Under the umbrella. Near the big church. Fraze inaota tumbo, Dorine anarudi nyuma. Leo amefika ku mulango ya lupango.

Fujo moja tu. Mama Apollinarie nilimupa "the". Akauliza "the" ni nini mu Swahili. Nikasema mu Swahili haiko. Weh! Alipiga mikono: ameacha ndagala yake soko, na nzi juu, akuye hapa kuwa kitu yenye haiko? Weye mutoto, unanizarau! Nikamupandisha cheo mbio mbio. Sasa ni church. Alisimama kweli kama kanisa, hata motari akatosha kofia.

Siku ya ine, 12 Septemba

Dorine iko mu barabara. Hasikie tena. Nikisema "nani anaimba", mbuzi anamwambia pirogue, pirogue anaambia kanisa, mpaka neno inamufikia. Inarudi jibu ingine kabisa: eti bei ya kushonesha jipe, sketi, ni ile ile.

Tante Generose ameleta shauri, akiwa anasonga bugali. Eti nikate fraze, nitengeneze mbili fupi, bote bakae ndani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Fraze mbili! Tante, nikamwambia, mukubwa hakatwe vipande. Akasema nikule, bugali inapoa.

Siku ya tano, 13 Septemba

Tumevuka! Fraze iko ngambo mbili! Moto zinapita katikati ya kanisa na Dorine, zinapiga honi, bantu banapiga makofi. Na nyuma ya Dorine nimeongeza bingine: mwenye anaimba na bibi yake, na bandugu bake, na jirani. Nusu ya masomo yangu sasa inaegamia lupango ya Cyprien.

Na yeye je? Amefungua mulango! Ametosha biti. Amebapa maji ya kunywa! Dorine akaniuliza kwa kelele kama banaweza kukaa. Nikajibu mukae, mwenye anachoka! Cyprien akanipungia mukono. Minye pia. Najua kuona muntu mwenye amekubali kushindwa. Nilimuhurumia kidogo.

Siku ya posho, 14 Septemba

Papa Libérat alifika na koti yake ya misa. Nilianza kwa nguvu yote. THE MAN! IN THE BOAT! Mbuzi akalia muzuri sana. Kanisa akaimba aleluya, hakuna mwenye alimutuma. Na pale, camion, lori ya mchanga, ikakuya, ikazima moteri katikati kabisa ya fraze. Hatukuona ngambo tena.

Nikamwambia Papa Libérat angojee kidogo, mwenye anakuya. Akauliza mwenye nani. Nikasema mwenye wa mwanaume. Akauliza mwanaume gani. Nikamuonesha fundi wa viatu. Akamuangalia. Akaangalia camion.

Ndiyo sauti ikatoka nyuma ya camion: banaimba! Sauti mbili, tatu, na Dorine juu yao bote. Cyprien alikuwa amebaambia tu: kama karto inasema kuimba, muimbe. Papa Libérat akazunguka camion. Nikamufuata mbio. Akaona biti bimejaa, bantu bamekaa muzuri, Cyprien na krawati anapiga mapigo na choki.

Akasema masomo ndiyo hii. Nikapiga kelele kama bale ni bantu bangu! Ni mwenye yangu, relatif yangu! Akanishika bega polepole. Eti mutoto wangu, weye uko na kichwa, Cyprien iko na mwili. Akamupa funguo pale pale, mbele ya Dorine, mbele ya bote. Mama Apollinarie akavuka barabara na karto yake, akakaa mu kiti. Kanisa yangu! Hakuangalia nyuma.

Siku ya Mungu, 15 Septemba

Sikuenda misa. Kuangaliwa na bantu, hapana.

Saa ya mangaribi Cyprien akakuya mwenyewe, bila krawati. Akasema depo ni kubwa, niende kufundisha pale asubuhi, bale benye banaanza. Dorine ndiye alimuomba. Nilisema nitafikiri. Nilifikiri mpaka alipofika ku mulango, nikamuita, nikakubali. Akafurahi. Hajue!

Sababu sasa nimeelewa kosa yangu. Fraze ilianzia kwangu, ikaishia kwake. Nilikuwa naivutia upande mubaya! Kesho naianzia ndani ya depo yake. The man, pale ku tablo. Kisha preposisyo, preposisyo, preposisyo: inatoka mulango, inashuka avenue, inazunguka kona, mpaka inaingia mu lupango yetu. Bale bote benye kuimba batakuwa kwangu, chini ya bashi. Kwake itabaki fundi wa viatu peke yake!

Nilieleza tante. Alisikiliza yote, vizuri, na mwiko mu mukono. Kisha akauliza kama mvua ikinyesha kesho, bale ba chini ya bashi batafanya nini, na depo kavu iko wazi mwanzo wa fraze.

Tante yangu! Angle haijue hata kidogo.