Rufaa Dhidi ya Uso Ulionuna

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Tabia na Mazingira,
Halmashauri ya Mji.

Ndugu Mkuu wa Kitengo,

YAH: KUOMBA KUSAHIHISHIWA UPYA

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba wewe na wasaidizi wako hamjambo, na kwamba feni ya ofisini kwenu inazunguka vizuri. Ya kwetu tumeizima. Sababu za kuizima ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Nimesahihisha mitihani kwa miaka thelathini na mmoja, na wanafunzi wangu, ambao leo ni watu wazima wenye vitambi, walinibandika jina la Kalamu Nyekundu. Nimegawa sifuri nyingi maishani mwangu na kila moja niliigawa kwa haki. Kwa hiyo ninapolalamikia alama, uelewe kwamba anayelalamika ni fundi wa kazi hiyo.

Miezi mitano iliyopita mlianza kuletea kila nyumba barua ya mwezi. Si ankara, maana umeme tunaununua kabla ya kuutumia. Ni karatasi moja tu, haina jina wala salamu, ina namba ya mita juu kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi, na chini yake mchoro wa uso. Anayetumia umeme kidogo kuliko majirani zake huchorewa uso unaotabasamu. Anayetumia mwingi huchorewa ulionuna. Binti yangu, anayefanya kazi mji mwingine na anayejua mambo ya kisasa, alinieleza kwa simu kwamba hiyo ni sayansi ya tabia. Wataalamu wamegundua kuwa mtu haachi kuchafua hewa kwa kuhubiriwa habari za moshi na joto, bali kwa kuonyeshwa kwamba jirani amemshinda. "Baba, usiichukulie moyoni," akaniambia. Sijaichukulia moyoni. Nimeichukulia kwa maandishi, ndiyo haya.

Sipingi vita dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Joto nalisikia, na mvua naiona inavyokuja siku isiyoalikwa na kukwepa siku ya miadi. Ninachopinga ni ile dhana kwamba mtu wa umri wangu anaweza kubadilishwa tabia na duara lenye nukta mbili. Napenda kukuhakikishia kwamba mchoro huo haujanibadilisha hata chembe. Malalamiko yangu ni haya.

1. Nimepewa uso ulionuna miezi mitano mfululizo. Mwezi wa kwanza nilidhani ni makosa ya uchapaji. Mwezi wa pili nilijikaza kisabuni. Mwezi wa tatu niliona unaninunia mimi binafsi, na tangu hapo nauwaza kabla hata sijapiga mswaki. Sijawahi kuwa wa mwisho darasani, na hata kwenye foleni siwi wa mwisho, kwa kuwa nawahi.

2. Barua yenu inasema "asilimia themanini na nne ya majirani zako huzima taa wanapotoka chumbani." Majirani gani? Nimepita kuwauliza mmoja mmoja, daftari mkononi. Fundi cherehani alisema yeye ana chumba kimoja, akitoka chumbani ametoka nyumbani. Muuguzi wa nyumba ya kona alinifungia mlango. Fundi magari aliniuliza, "Mwalimu, kwani umestaafu kweli au wamekurudisha kazini?" Sasa watu wakiniona nakuja wanazima taa saa sita mchana. Hilo linapendezesha takwimu zenu, lakini mimi linanimalizia marafiki.

3. Kinyozi. Huyu tunapakana ukuta kwa ukuta, tuna lango moja na sanduku moja la barua. Saluni yake iko hapo hapo nyumbani. Ana mashine tatu za kunyolea, mkewe msusi ana vikaushio viwili vya nywele, kuna redio isiyojua kupumzika, friji ya soda, na taa za rangi mlangoni zinazozunguka mchana kweupe zikitafuta sijui nini. Mtu huyu amepewa uso unaotabasamu. Miezi yote mitano! Wa tatu mkamwongezea na nyota. Ameziweka zote kwenye fremu juu ya kioo, kiasi kwamba mteja akikaa anajiona yeye mwenyewe, na juu ya kichwa chake tabasamu tano zimepangwa mstari. Mimi hunyolewa pale, miaka kumi na miwili sasa. Safari ya mwisho alinifunga kitambaa shingoni, akanyoa upande mmoja, akasimama, halafu akasema kwa ile sauti ya daktari mwenye majibu mabaya, "Mwalimu, ukitaka nikufundishe kubana matumizi wewe niambie tu, mimi na wewe hatuna haja ya kuoneana haya." Nilivua kitambaa nikaondoka. Ndugu Mkuu, nusu ya kichwa changu haijanyolewa mpaka leo. Kurudi siwezi, na kwenda kwa kinyozi mwingine siwezi pia, watasema nimemkimbia. Ninakuandikia nikiwa nimevaa kofia ndani ya nyumba, na feni, kama nilivyosema, imezimwa.

4. Hatua nilizochukua (ingawa, narudia, sijabadilika). Pasi nimeifungia kabatini. Suruali zangu nazilaza chini ya godoro, nami juu yake, na nimejifunza kulala bila kugeuka. Chai inachemshwa mara moja kwa siku na kuwekwa kwenye chupa, na anayeichemsha ni mimi. Nguo nafua kwa mikono. Mke wangu amenionyesha jinsi ya kutenganisha nyeupe na za rangi, jambo ambalo sikujua lina elimu yake. Friji haina kazi tena, kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili asubuhi niko sokoni kwa miguu kununua mboga za siku hiyo tu. Chakula cha jioni tunakula saa kumi alasiri ili vyombo vioshwe kukiwa na mwanga, na vyombo naosha mimi, maana wengine hawajali wanapofungulia bomba la maji moto. Ikifika saa mbili tumbo linanguruma mpaka wageni wanageuka. Na bado uso umenuna! Mwanafunzi akijituma hivi halafu akarudi na alama ile ile, mwalimu makini hamlaumu mwanafunzi. Anaiomba ile karatasi aitazame upya.

5. Mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi tangu mwaka jana, hupenda televisheni kuanzia anapoamka. Mimi kama mkwe siwezi kumwambia azime. Hata rimoti nikimpa nampa kwa mikono miwili. Nikaona basi nitumie sayansi yenu hiyo hiyo. Nilichora uso ulionuna kwenye karatasi nzuri, nikaubandika pembeni ya kioo cha televisheni, nikatoka kwa kunyata. Mama alipozinduka kutoka usingizi wake wa mchana alivaa miwani, akautazama kwa muda mrefu sana, akaamua kwamba nimemchora yeye. Nakiri kuwa mashavu yalielekea kufanana. Akafunga begi. Ilibidi waitwe shemeji zangu wawili na mjomba wa mke wangu, kikao kikachukua saa nne, nami nikawekwa kiti moto nikiwafafanulia watu wazima mabadiliko ya tabianchi, huku wao wakiuliza swali moja tu: "Ulimchora au hukumchora?" Mama amekubali kubaki kwa sharti kwamba televisheni isizimwe kabisa. Inanguruma hata sasa hivi ninapoandika. Moshi wote utakaotokana na televisheni hiyo naomba uandikwe kwa jina la Kitengo chako.

6. Hili nimelifuta. Mke wangu amelisoma akasema ni utoto.

7. Mti. Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba barua ya mwezi wa pili ilisema, kwa maandishi yale yale ya sisimizi, kuwa asiyejibu ndani ya siku kumi na nne amekubali kupandiwa mti. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Kumbe siku hizi ukinyamaza umesema ndiyo. Wakaja watu watatu na majembe, wakauchimbia mahali hasa ninapoweka kiti changu. Nilipowaambia sikukubali, mmoja akajibu, "Mzee, ungekuwa hutaki ungejaza fomu." Nikaja ofisini kwenu kuomba fomu ya kukataa. Nikaelezwa kuwa fomu hiyo hupewa aliyejaza fomu ya kuomba fomu. Sasa kila asubuhi naumwagilia maji. Siupendi, naomba ieleweke. Ila ukifa mlangoni kwangu, watu watasema nini?

8. Nyayo za kijani mlizochora barabarani, kuanzia kituo cha basi hadi kwenye pipa la taka, ili miguu ya watu izifuate yenyewe. Juzi nilikuwa natembea nikiipanga barua hii kichwani, nikashtuka nimesimama mbele ya pipa. Sikuwa na taka. Watu kituoni wakinitazama kuona Mwalimu atatupa nini. Nilitupa gazeti langu, ambalo nilikuwa sijalifungua.

Basi naomba yafuatayo. Kwanza, karatasi yangu isahihishwe upya na msahihishaji mwingine asiyenyolewa kwa kinyozi huyo. Pili, pawepo uso wa katikati, usiotabasamu wala kununa, kwa ajili ya watu wanaojitahidi. Tatu, na hili ndilo kubwa, acheni kabisa mtindo huu wa kutusukumasukuma kwa ujanja. Zamani mamlaka ikitaka jambo ilipiga marufuku na kubandika tangazo, nasi tuliivunja marufuku ile huku tukijua vizuri tunavunja nini. Kulikuwa na heshima pande zote mbili. Niamrisheni nizime feni, nami nitakataa kama mtu mzima. Lakini mkinichorea kikaragosi nikanywea, nabaki kuwa nani? Nilipostaafu nilikabidhi funguo, kengele na ofisi, nikajiambia kwamba jina langu angalau naondoka nalo. Hilo jina ndilo mnalolichezea sasa, na linaniuma, nasema wazi. Nashindwa kupita mbele ya saluni ya mtu niliyekuwa nikimpa ushauri wa maisha.

Nisipopata jibu lenu ndani ya siku kumi na nne, nitahesabu kuwa mmekubali yote, na nitakuja na watu watatu wenye majembe.

Nisalimie wasahihishaji wote, dereva, mlinzi wa getini, dada wa mapokezi aliyeninyima fomu kwa adabu sana, na huyo mchoraji wa nyuso, ambaye kwa kweli mkono wake ni mzuri.

Ni mimi niliyeonewa,

Mwalimu Mkuu Mstaafu
(Kalamu Nyekundu)

Nyongeza, kwa mwandiko wa mtu mwingine:

Habari za kazi. Mimi ni mke wake. Amenipa barua niitie kwenye bahasha, na kabla sijaifunga nimeona niseme ukweli.

Zile karatasi zenye uso ulionuna si zetu. Namba ya mita iliyoandikwa juu ni ya kinyozi. Anayeleta barua hutia zote mbili kwenye lile sanduku letu la pamoja. Mwezi wa kwanza mume wangu alichomoa ya juu, akaona uso, akawaka hapo hapo. Namba hakuitazama. Mtu aliyewapigia kelele watoto wa watu miaka thelathini na mmoja, "Someni jina kwenye karatasi kabla ya kutazama alama!" Mimi nikachomoa ya pili, ikatabasamu, nikavaa miwani nikasoma namba, nikaona ni yetu. Nikamfuata jikoni nimwambie. Nikamkuta anaosha vikombe.

Ndugu yangu, tuna miaka thelathini na minne kwenye ndoa. Nilifunga mdomo wangu, nikarudi nyuma taratibu.

Ile ya tabasamu nikampelekea mke wa kinyozi, tukacheka mpaka tukakaa chini. Tangu siku hiyo nawahi mimi sandukuni kila mwezi na kugawa. Zile tano zilizo kwenye fremu ni za nyumba yetu, na ile nyota ni ya mume wangu, aliipata kwa jasho lake. Mke wa kinyozi ameahidi kwamba taa za mlangoni zitaendelea kuzunguka, ili uso wao usije ukatabasamu ghafla ukaniharibia kazi.

Msinielewe vibaya. Alipostaafu alikaa mwaka mzima akitazama ukuta. Ukimsemesha anaitikia, basi. Niliogopa sana, na sikuwa na wa kumwambia. Sasa anawahi sokoni, anarudi na habari za kila mtu, anagombana na ule mti kila asubuhi, na leo alipokuwa anawaandikia nyinyi nilimsikia anacheka peke yake. Kwa hiyo ombi lake la kwanza, la pili na la tatu, yote nawaomba muyakatae, tena kwa maandishi, ili apate la kujibu. Sayansi yenu ni nzuri kabisa na imemfikia yule niliyemkusudia mimi mke wake.

Na kama mchoraji ana nafasi, mwezi ujao huo uso ulionuna auongezee na machozi. Nataka ajifunze kupika.