Mama Mkwe Ameijua Bei ya Shikamoo

Leo saa nne na dakika kumi asubuhi, mama mkwe wangu aliteremka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yangu hapa Mpanda. Kufikia saa tano sikuwa na uso wa kumtazama. Nawaambia nyie marafiki kabla jirani hajawaambia.

Kwanza mnielewe. Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, na tunamhitaji sana mama yake akae nasi. Lakini safari iliyopita alirudi kwake Kasekese amenuna, akisema: "Nyumba ambayo watoto wanampita mkubwa kama wanapita kisiki, mimi silali." Alisema kweli. Neema ana miaka tisa, Jofrey sita, na wote wawili walikuwa hawasalimii mtu.

Mimi ni fundi redio niliyejifunza kazi kwa kusoma mwenyewe. Kila tatizo nalitafutia maandishi. Nikasoma kwamba mtoto hushika adabu kwa mchezo upesi kuliko kwa fimbo, nikatunga mchezo. Kila shikamoo iliyoitikiwa, punje moja ya maharage kwenye kopo. Zikifika ishirini, andazi. Na kwa kuwa mtihani wenyewe ulikuwa mmoja, nikaongeza: shikamoo ya bibi ni punje tatu. (Hapo nilijiona nina akili.)

Bibi akafika. Watoto wakamkimbilia, wakapiga magoti kwenye vumbi!

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba wajukuu zangu!" Akanigeukia, machozi yanamlengalenga. "Baba Neema, watoto umewafunza."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. (Huko chini nilikuwa natabasamu.)

Hajakaa vizuri: "Shikamoo bibi!" Marahaba. "Shikamoo bibi!" Marahaba tena. Akaletewa maji. Shikamoo. Akanywa. Shikamoo. Akaenda chooni. Jofrey akamfuata, akasimama mlangoni.

"Shikamoo bibi!"

Akagonga mlango.

"Bibi, shikamoo!"

"Marahaba, mume wangu," sauti ya kuchoka ikatoka ndani. "Sasa niache."

Sikuwa nimeweka sheria kwamba mtu mmoja husalimiwa mara moja. Kasoro hiyo niliiona wakati huo, nikawakonyeza waache. Wakadhani nawatia moyo. Wakaongeza kasi!

Mwishowe bibi akagoma kuitikia. Jofrey akaangua kilio.

"Bibi itikia! Usipoitikia baba hanihesabii!"

"Anahesabu nini?"

Neema, anayependa usahihi kama mimi, akaenda kuleta kopo. "Watu wengine punje moja, bibi. Wewe tatu."

Mke wangu akaangalia ukuta.

"Baba Neema," mama mkwe akasema polepole. "Kumbe salamu zote hizi zimelipiwa?"

"Mama, ni mchezo wa malezi."

"Kwa maharage?"

"Yanabadilishwa na maandazi, mama." (Sijui kwa nini nilifafanua.)

Akafungua fundo la kanga yake, akatoa noti mbili za elfu moja, kila mtoto moja. "Mimi nalipa taslimu. Mtu asinisalimie mpaka kesho asubuhi."

Wakapokea kwa mikono miwili, wakapiga goti, wakatoka bila neno. Adabu kamili! Mimi nimehangaika wiki nzima, yeye dakika moja.

Kisha akamwambia binti yake, mimi nikiwa palepale kwenye kiti: "Nitakaa. Na baada ya kujifungua bado nitakuwepo. Mtoto anayekuja sina wasiwasi naye. Hawa wawili ndio wanaohitaji mtu mzima humu ndani."

Nina miaka arobaini na nane.

Maandazi manane ya kopo nimelipa, maana niliahidi: elfu moja na mia sita. Elfu mbili za mama mkwe nimemrudishia. (Amezipokea huku anatazama pembeni.) Mkicheka, chekeeni mbali. Hasara ya leo: shilingi elfu tatu na mia sita.